Uzi maalum: Kwatsi ya kijani (ya Haneti na nyinginezo). Si zumaridi, lakini msiitupe

SagaMawe (mleta uzi)

Wakuu, salama?

PM yangu imejaa picha za mawe ya kijani na swali ni moja tu: "Mkuu, hili si zumaridi?" Mara nyingi jibu ni hapana, hiyo ni kwatsi. Basi mwenye jiwe akisikia neno kwatsi anavunjika moyo, kesho yake analiachia kwa bei ya kutupwa kwa mtu anayejua vizuri anachokinunua. Mimi kazi yangu ni kukata na kung'arisha mawe hapa Arusha, na haya ya kijani yanapita sana mikononi mwangu. Tuongee.

Kwatsi ikiwa safi haina rangi. Ni silikoni na oksijeni basi (ndiyo inaitwa silika), na ukoo wake ni mkubwa: amethisti, sitrini, akiki, wote ni watoto wa nyumba moja. Rangi inaletwa na kilichoingia ndani. Ukikuta kwatsi ya kijani, swali la maana ni "nini kimeitia ukijani?", kwa sababu hapo ndipo bei inapoamuliwa.

Ya kwanza na ya maana zaidi kwetu ni krisopraso. Hii rangi yake inatokana na nikeli. Kule Haneti, wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kuna vilima vya mwamba wa serpentini wenye nikeli. Mwamba ule umeoza kwa mvua na jua kwa miaka isiyohesabika, maji yakabeba silika na nikeli kidogo, yakaingia kwenye nyufa na kuganda humo. Kilichoganda ndicho krisopraso. Ndiyo maana huikuti ikiwa fuwele yenye pembe kama amethisti. Unaikuta ikiwa mishipa na vipande vyenye ganda la kahawia, mara nyingi vyembamba kuliko ungependa. Haipitishi mwanga moja kwa moja kama kioo, ila ukiiweka mbele ya tochi inawaka ndani. Nikeli ikiwa ya kutosha inakuwa kijani cha embe changa, ikipungua inafifia hadi karibu na nyeupe.

Ya pili ni aventurini. Hapa kijani kinatoka kwenye vipande vidogo sana vya ulanga wenye kromiamu ndani ya kwatsi. Ukiigeuzageuza juani inametameta. India wanaitoa kwa wingi, Brazili ipo, na hapa Tanzania ipo pia. Ni jiwe la shanga, sanamu ndogo na mapambo. Bei yake ni ya chini na hakuna haja ya kudanganyana.

Ya tatu ni prasiolaiti, yenyewe inaonyesha ndani kabisa kama kioo, kijani chepesi kilichopoa. Karibu yote iliyoko sokoni ni amethisti iliyopikwa. Nitaeleza nikiulizwa maana ina hadithi yake.

Karibuni. Ukileta picha, piga mchana nje, si chini ya taa ya dukani.

dodoma_kwetu

Nimekaa siti ya mbele. Mimi ni wa Chamwino, haya mawe tumekua tukiyaona. Watoto walikuwa wanayarushia ndege kwa manati! Swali: kwa nini mengine ukiyatoa shimoni ni kijani kizuri, ukiyaweka nyumbani baada ya muda yanakuwa kama yamechuja?

SagaMawe

Mkuu umegusa penyewe, na ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi.

Krisopraso ina maji kidogo ndani yake, yamejificha katikati ya chembe zake. Jua kali na joto vinayatoa yale maji, rangi inapauka. Kwa hiyo wale wanaomwaga mzigo juu ya bati juani ili mnunuzi auone vizuri wanajipunja wenyewe. Sonara anayeanika pete kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane naye ni hivyo hivyo. Wakati mwingine ukiliweka jiwe mahali penye unyevu linarudisha rangi kiasi, lakini usitegemee hilo.

Joto la sonara ndilo baya kuliko yote. Usimruhusu mtu achomelee pete kwa moto jiwe likiwa limeshakaa mahali pake. Achomelee kwanza, pete ipoe, ndipo jiwe liingie.

Kioo_cha_Kumi

Nyongeza kwa mleta uzi. Ugumu wa kwatsi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe. Zumaridi ni 7.5 hadi 8. Kwa hiyo ule mtindo wa kijiweni wa kuchora kioo cha dirisha halafu kushangilia "imechora, ni zumaridi!" hauna maana. Kioo ni kama 5.5, kwa hiyo kwatsi inakichora, zumaridi inakichora, hata turmalini inakichora. Jaribio hilo linakuonyesha tu kwamba ulichoshika si chupa. Na kama jiwe limeshakatwa, unaliharibu kingo bure.

BintiTanga

Sasa sisi tusio na mashine tujuaje jamani? Nina jiwe la pete niliuziwa stendi, muuzaji aliapa kabisa kuwa ni zumaridi ya Sumbawanga.

Kioo_cha_Kumi

Dada yangu, zumaridi Sumbawanga zipo kweli, na Manyara pia zipo. Ndiyo maana wanayataja majina hayo, yanasikika vizuri.

Fanya hivi nyumbani. Tafuta mzani mdogo wa sonara unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Toa jiwe kwenye pete, lipime likiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha mzani uwe sifuri, funga jiwe kwa uzi mwembamba na ulishushe lizame lote bila kugusa chini wala ukingo. Namba itakayosoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili, upate jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji.

Mfano: jiwe kavu gramu 10.60, mzani wa kikombe ukasoma 4.00. 10.60 gawanya kwa 4.00 ni 2.65. Hiyo ndiyo kwatsi. Krisopraso huwa chini kidogo, 2.58 hadi 2.64. Turmalini inakwenda 3.06 hivi.

SagaMawe

Kaka umeeleza vizuri, ila waambie na ubaya wake. Zumaridi inaanzia kama 2.67. Mzani wako ukikosea kidogo, kwatsi na zumaridi zinaingiliana. Maji yanaondoa chupa na yanaondoa turmalini, lakini hapo pa kati lazima rifraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Kwatsi inasoma 1.544 hadi 1.553, zumaridi inasoma karibu na 1.58. Hapo hakuna ubishi. Kituo cha Jimolojia Tanzania hapa Arusha wana vifaa, na hata broka mkubwa mwenye heshima zake hakosi rifraktomita.

Mkenya_wa_Voi

Sasa wadau. Huku kwetu Taita Taveta kila kitu kijani wanaita tsavo. Jamaa akikuletea kijani kwa karatasi anasema tsavo, hata kama ni kipande cha Sprite.

Kioo_cha_Kumi

😂😂 Ya Sprite hiyo nimeiona.

Tsavoraiti ni garneti, ni ukoo tofauti kabisa. Campbell Bridges aliikuta kwanza upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata huko kwenu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mzani wa maji inatoa kama 3.6, jiwe linakuwa zito mkononi ukilinganisha na ukubwa wake. Kwa hiyo kati ya tsavoraiti na kwatsi, hata kikombe cha chai kinakutosha kuamua. Na lile jiwe la Longido la kijani lenye rubi nyekundu ndani nalo si kwatsi, ni zoisaiti.

mtumishi_77

Krisopraso si ndiyo ile ya Ufunuo 21:20, msingi wa kumi wa ule mji? Kumbe iko Dodoma! Ubarikiwe mleta uzi.

SagaMawe

Amina mtumishi. Jina ndilo hilo. Ila watu wa zamani waliyapa mawe majina kwa kuangalia rangi, kwa hiyo hakuna uhakika kwamba jiwe lao ni hili letu.

NuruYaMawe

Naona mnaongelea soko tu, hamgusi NGUVU. Kwatsi ya kijani inafungua moyo, inavuta pesa, inatibu presha. Mwenye uhitaji aje PM, ninayo yaliyokwisha kuombewa.

Kioo_cha_Kumi

Tunakuomba usiuze dawa ya presha kwenye uzi huu. Mwenye presha aende hospitali na ameze dawa zake. Jiwe ni silika na nikeli, halishushi presha ya mtu. Anayelivaa kwa imani yake sina neno naye, linapendeza kidoleni. Kumwachisha mgonjwa vidonge ni habari nyingine.

BintiTanga

Asante kwa kumwambia.

mzee_wa_potsdam

Niko Ujerumani miaka mingi, niongezee kidogo. Mfalme Friedrich II wa Prussia alikuwa hasikii wala haambiliwi kwa krisopraso. Alipoiteka Silesia kwenye miaka ya 1740, machimbo ya jiwe hili yakaingia mikononi mwake, akawa anatengenezewa visanduku vya ugoro na meza zilizopambwa kwa jiwe hilo. Machimbo yenyewe yako Szklary, leo ni Poland. Yale yamekwisha kazi, na sehemu kubwa ya mzigo mzuri baada ya hapo ilitoka Marlborough, Queensland, Australia, walikoanza kuichimba kwenye miaka ya 1960. Kwa hiyo wana Dodoma mjue mko kwenye orodha fupi sana duniani.

dodoma_kwetu

Mzee wangu shikamoo. Yaani mfalme anapambia meza na sisi tunapigia ndege 😭

Abu_Suhail_Muttrah

Asalaam aleikum. Mimi nipo Muscat, nina kijiduka cha pete za fedha za kiume. Wateja huku wanapenda akiki, na ya kijani inaulizwa sana. Tatizo langu ni mzigo unaokuja umekwisha katwa, kijani kimoja tu mwanzo hadi mwisho, hata doa hakina. Bei poa. Nautilia shaka.

SagaMawe

Waaleikum salaam sheikh. Shaka yako iko mahali pake.

Akiki na krisopraso zina vinyweleo vidogo sana, zinanyonya rangi. Kule Idar-Oberstein, Ujerumani, wamekuwa wakipika akiki kwenye rangi tangu karne ya 19, na leo kazi hiyo inafanyika kila mahali. Wanachukua kalsedoni (ukoo wa akiki na krisopraso) ya kijivu isiyo na thamani, wanailoweka kwenye chumvi za kromiamu, wanaipasha moto, inatoka kijani cha kupendeza. Ni jiwe halisi, rangi ndiyo ya dukani. Si dhambi kuliuza, mradi umwambie mteja.

Namna ya kuligundua: chukua kioo cha kukuzia mara 10, angalia kwenye nyufa na kwenye tundu la shanga kama lipo. Rangi ya kupikwa hujikusanya pale, panakuwa pamekolea kuliko pengine. Krisopraso halisi huwa na mawingu, sehemu imekolea, sehemu imepauka, na mara nyingi kuna vidoa vya kahawia vya mwamba mama. Halafu tafuta kichujio cha Chelsea, kile cha rangi cha kutazamia mawe, ni kidogo kinaingia mfukoni. Chini ya taa kali, nyingi zilizopikwa kwa kromiamu zinaonyesha wekundu. Ya nikeli inabaki kijani. Jiwe lisilo na doa hata moja kwa bei poa, mimi ningeuliza maswali mengi kabla sijatoa riyali.

Abu_Suhail_Muttrah

Jazakallah kheir. Kichujio nakiagiza leo.

kijana_wa_mtaji

Mkuu uliahidi hadithi ya prasiolaiti. Nimeona mtandaoni wanaiuza kwa jina la amethisti ya kijani.

SagaMawe

Naam. Amethisti ukiipika, kwa kawaida inageuka njano, na sitrini nyingi mnazoziona madukani zimezaliwa hivyo. Katikati ya karne iliyopita ikagundulika kwamba amethisti ya mgodi mmoja wa Montezuma, jimbo la Minas Gerais, Brazili, ukiipasha kama nyuzi 500 haiendi njano, inakwenda kijani. Sababu ni namna chuma kilivyokaa ndani ya ile kwatsi. Machimbo yenye tabia hiyo ni machache. Kuna nyingine inatengenezwa kwa kupigwa mionzi. Ya asili kabisa ipo, Poland na Kanada kwa mfano, ila ni kidogo mno.

Jina la amethisti ya kijani ni la kuvutia wateja. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, katika mwongozo wake wa vito wa mwaka 2018, imelitaja jina hilo kama mfano wa kuwapotosha wanunuzi. Amethisti ni ya zambarau, ikishageuka kijani si amethisti tena. Ukilinunua, lipende kwa uzuri wake: linakatwa vizuri, vipande vikubwa visivyo na dosari vinapatikana, linafaa hereni na mkufu. Nalo halipendi jua la muda mrefu, linapauka.

kijana_wa_mtaji

Na krisopraso inakatwaje? Nataka kununua mashine nianze.

SagaMawe

Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yenyewe.

Krisopraso haikatwi nyuso nyingi kama tanzanaiti, kwa sababu haipitishi mwanga wa kuchezesha. Inakatwa mgongo wa mviringo, chini bapa. Kwanza nalisoma ganda: nalowesha jiwe, naangalia mshipa unaelekea wapi. Ukipasua kinyume na mshipa unabaki na vipande vya unene wa kucha. Nikishapasua, natafuta palipokolea, nachora umbo kwa kalamu ya alumini (wino unafutika na maji), nasaga kuanzia diski yenye chembe kubwa kushuka kwenye laini. Usiruke hatua hata moja. Mkwaruzo wa diski ya kwanza ukiuacha, utauona mwishoni wakati jiwe linang'aa, na hapo unarudi mwanzo. Mwisho napitisha kwenye ngozi yenye oksidi ya alumini na maji kidogo kidogo. Ngozi ikikauka jiwe linashika moto na unajua joto linafanya nini. Ile nta ya kugandishia jiwe kwenye kijiti nayo, pasha polepole. Mimi kwa krisopraso natumia gundi ya baridi.

Kwatsi haina mistari ya kupasukia, kwa hiyo haitakukatikia ghafla kama topazi. Inavunjika kwa mikunjo kama kioo kizito. Vipande vyenye ganda jeupe laini vitupe mapema, havishiki mng'ao.

Sasa la muhimu kuliko mashine. USISAGE KWATSI KAVU. Vumbi lake ni silika. Linaingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauna tiba. Dalili zake zinafanana na kifua kikuu, na silika yenyewe inaongeza hatari ya kupata kifua kikuu, kwa hiyo wachimbaji wengi wanatibiwa kimoja na kingine hakijulikani. Maji yadondoke muda wote, vaa barakoa ya vumbi ya kweli (kile kitambaa cha shingoni hakizuii kitu), na lile tope jeupe linaloanguka chini lifute likiwa bichi. Likikauka ukafagia, umelirudisha hewani.

dodoma_kwetu

Hilo la kufuta tope likiwa bichi karakana nyingi hazifanyi kabisa.

mwanasheria_wa_kijiweni

Niweke la kwangu. Kabla hujaenda Haneti na begi la hela: kununua au kuuza mawe ghafi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini. Leseni ya broka ni ya Mtanzania. Toka 2019 kuna masoko ya madini mikoani chini ya Tume ya Madini, pitia huko, upate na nyaraka za kusafirishia. Ukikamatwa njiani na kiroba, habari ya "nilidhani ni kokoto" hainunuliki.

kijana_wa_mtaji

Na bei kwa kilo?

SagaMawe

Sikutajii namba maana mtu atalibeba akaenda kupigana nalo. Kilo ya krisopraso iliyopauka, yenye nyufa na ganda nusu nzima, na kilo ya iliyokolea, inayowaka kwenye tochi, unene wa kutosha kutoa jiwe la pete, hizo ni biashara mbili tofauti. Panga mzigo kwa madaraja kabla hujauza. Ukichanganya, mnunuzi anakupa bei ya lile baya lililoko ndani. Na usimwage mafuta ili ling'ae. Mnunuzi mzoefu analifuta kwa kitambaa chenye spiriti mbele yako, kisha maongezi yanakwisha.

BintiTanga

Nimerudi wakuu. Nimelipima lile jiwe la pete kwa mzani wa shemeji yangu sonara. Kavu gramu 6.12. Kikombe kikasoma 2.45. Nimegawanya nimepata kama 2.50.

Kioo_cha_Kumi

Pole dada. Kwatsi haishuki hadi hapo, zumaridi ndiyo kabisa. Angalia kwa kioo cha kukuzia kama kuna vipovu vya mviringo ndani.

BintiTanga

Vipo. Viwili, na kimoja kina mkia 🙃

Kioo_cha_Kumi

Kioo hicho. Livae tu, rangi yake haidhuru mtu.

dodoma_kwetu

Na mimi nimepima, lile la nyumbani lenye ganda la kahawia upande mmoja. Kavu 8.35, kikombe 3.20.

SagaMawe

Hiyo ni 2.61. Na ganda umelikuta nalo, hujalinunua kwa mtu, kwa hiyo habari ya kupikwa haipo. Washa tochi kwa nyuma yake, halafu niambie kama mwanga unatoka upande wa pili na kama kuna ufa unaovuka katikati.

dodoma_kwetu

Unatoka. Ufa upo mmoja, uko pembeni.

SagaMawe

Basi litatoa jiwe moja la pete ya kiume, pengine na hereni mbili ndogo kwenye kipande cha pembeni. Usilipasue mwenyewe kwa nyundo. Lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, weka kabatini mbali na dirisha, na siku ya kwenda soko la madini nenda nalo asubuhi.